Quito: siku ya kwanza usipande popote

Mapafu yangu ni ya Dar es Salaam, yamezoea hewa nzito ya pwani. Niliposoma kwamba Quito, mji mkuu wa Ekuador, uko mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, nilijisemea tu, "Poa, kutakuwa na kibaridi." Kumbe Mandara, kituo cha kwanza cha kulala wapandao Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kiko chini kuliko mji huo. Watu wa Quito wanapika, wanacheza mpira na kukimbilia basi juu ya Mandara.

Asubuhi ya kwanza, sijanywa hata chai ya maana, nikaenda kanisa la Basílica del Voto Nacional kupanda minara. Kwenye ngazi za chuma karibu na kilele miguu ikagoma. Kichwa kinagonga kama ngoma, moyo unataka kutokea mdomoni. Nikakaa palepale kwenye kidaraja, na mtoto wa kama miaka minane akanipita huku akila aiskrimu. Nilishuka kwa makalio.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku ya kwanza kaa. Tafuta benchi kwenye uwanja wa Plaza Grande, kunywa maji, tazama watu wakipigishwa viatu rangi. Si kupoteza siku: mbele yako ni Carondelet, ikulu ya nchi, na pembeni ni kanisa kuu alikozikwa Sucre, jenerali wa vita vya uhuru. Nje ya ikulu hiyo, tarehe 6 Agosti 1875, Rais Gabriel García Moreno alishambuliwa kwa panga na risasi akafa. Mchana kula locro, supu nzito ya viazi na jibini yenye vipande vya parachichi juu. Mimi nilirudia bakuli.

Ukipata nguvu, tembea taratibu hadi La Compañía, kanisa la Wajesuiti lililoanza kujengwa mwaka 1605 na kuchukua miaka 160. Ndani, kuta na dari zimefunikwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba kama karatasi. Nilipokwenda hawakuruhusu kupiga picha, na nadhani ndiyo maana nakumbuka vizuri. Hatua chache mbele ni uwanja wa San Francisco. Wenyeji watakusimulia habari za Cantuña, fundi aliyemuahidi shetani roho yake ili amsaidie kumaliza ujenzi hapo kabla ya alfajiri, kisha akaficha jiwe moja. Kazi haikukamilika, deni likafa. Usiku nenda mtaa wa La Ronda, agiza canelazo, kinywaji cha moto cha mdalasini. Kina pombe, ulizia kabla hujamimina.

Basílica irudie siku ya pili au ya tatu. Utaona nilichokosa: pale ambapo makanisa ya Ulaya huchonga mazimwi, hili limechongwa wanyama wa nchi yao, mijusi iguana, kobe, nyani. Kilima cha El Panecillo, chenye Bikira Maria mwenye mabawa aliyeunganishwa kwa vipande vya alumini kama 7,000, chukua teksi kwenda na kurudi. Zile ngazi za kupandia kwa miguu zina sifa mbaya ya vibaka.

Mitad del Mundo, mnara wa Ikweta nje ya mji, nenda lakini usikoseshwe usingizi nao. Mstari wa njano unaopigwa picha na kila mtu umekosea kwa mita 240 hivi. Jirani yake wanakuonyesha maji yakizunguka kushoto upande mmoja wa mstari na kulia upande wa pili. Nilicheka, kwa sababu Nanyuki, Kenya, nako kwenye Ikweta, nilionyeshwa hayohayo, kwa beseni lenye tundu na njiti ya kiberiti. Mzunguko wa dunia hauna nguvu hiyo kwenye beseni. Anayemimina ndiye anayeamua.

Teleférico, vibanda vinavyoning'inia kwenye waya kupanda mlima Pichincha, viache mwisho kabisa. Vinakushusha kwenye mita 3,945, juu ya Horombo, kituo cha pili cha njia ileile ya Marangu, bila jasho hata tone, na mwili hauna habari kwamba ulipanda umekaa. Nenda asubuhi, mchana mawingu yanafunika kila kitu. Vaa sweta, paka mafuta ya kuzuia jua hata kama ngozi yako nyeusi kama yangu. Pua yangu ilibabuka.

Kuhusu hela: tangu mwaka 2000 wanatumia dola ya Marekani, ila noti ya 50 au 100 muuza matunda ataiangalia tu na kukurudishia. Beba za 1 na 5. Na treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa Desemba 2023, ina kituo palepale San Francisco, kwa hiyo kilima kimoja kimepungua.