Bustani ya ofisini: maswali yenu

Ofisi yetu ni ya kuchangia, dirisha moja tu, kiyoyozi kutwa. Tuanze na mmea gani?

Anzeni na ZZ; wauza maua wengi wa barabarani wanaujua kwa jina hilo. Asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini. Chini ya udongo una vishina vinene vinavyotunza maji, hivyo huvumilia mwanga hafifu na hewa kavu. Usiuweke tu mahali upepo wa kiyoyozi unapoupiga moja kwa moja.

Aliye karibu na dirisha ajaribu Saintpaulia, ua la milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, alituma mbegu zake Ujerumani, na leo limejaa madirishani Ulaya. Inaniuma kuona sisi wenye nalo tunapamba meza kwa maua ya plastiki. Lipeni mwanga bila jua kali, na maji myatie kwenye kisahani cha chini, kwa sababu matone ya baridi huacha madoa kwenye majani yake yenye vinyweleo.

Tunamwagilia kila siku, lakini mimea inakufa.

Inakufa kwa maji. Wa asubuhi anamwaga kikombe, wa mchana naye anaona huruma, na jioni mtu anamalizia chupa yake hapo hapo. Mizizi inakosa hewa na kuoza. Mteueni mtu mmoja tu, na jina lake libandikwe ukutani. Kabla ya kumwagilia achomeke kidole kwenye udongo. Kikitoka na udongo unaonata, aache. ZZ hukaa hata wiki mbili bila maji. Chungu kisicho na tundu chini msikinunue, hata kiwe kizuri vipi.

Visubi vinazunguka kompyuta zetu.

Hutaga kwenye udongo mbichi. Acheni sehemu ya juu ikauke kabla ya kumwagilia tena, na samadi isiyooza vizuri isiingie ofisini.

Ni kweli mimea husafisha hewa?

Dai hilo linatokana na utafiti wa 1989 wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lakini ulifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa, si ofisini. Mkitaka hewa safi, fungueni dirisha. Mimea pandeni kwa kuwa macho yanachoka na skrini.

Sukuma wiki je?

Hapana, inataka jua kwa muda wa saa sita hivi kila siku. Dirisha likipata jua la asubuhi, pandeni mnanaa, mchume wa chai ya saa nne.