Mizani ya korosho: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili baba yako yuko pembeni anajifanya anasoma gazeti. Unasema umeona karatasi ya mishahara kwa bahati mbaya, ukakuta unamzidi laki na nusu yule dada mliyeanza naye kazi siku moja, kazi ileile, vyeti vilevile. Wenzako wa kiume wanakuambia hapo hakuna uonevu: wanawake wanachagua kazi nyepesi, wanakwenda likizo ya uzazi, hawajui kupatana mshahara. Unaniuliza nani mkweli.

Mimi nitakuambia ya kiwandani, ndiyo ninayoyajua.

Mwaka niliokubeba tumboni, mimi na baba yako tulikuwa kiwanda kimoja cha korosho hapa Mtwara. Yeye boila, kwenye mtambo wa mvuke, mimi kubangua. Benchi letu lilikuwa la wanawake watupu. Unaweka korosho kwenye kimashine, unakanyaga, ganda linapasuka, kiini unakichokoa kwa ncha ya kisu. Mafuta ya ganda yanaunguza. Tulipaka majivu vidoleni, lakini ngozi ilibanduka tu. Jioni karani anapima. Kiini kilichotoka kizima kina bei yake, kilichovunjika ni hasara yako. Watu wa boila walilipwa kwa mwezi, mvua inyeshe, jua liwake. Sisi kwa kilo.

Ungemuuliza meneja, angeapa kwamba habagui. Mwanamke akienda boila atalipwa ya boila, mwanamume akikaa benchi atalipwa kwa kilo. Kweli kabisa. Ila sikumwona mwanamume benchi, wala mwanamke hakuitwa boila. Tuliambiwa vidole vyetu ni vyepesi, havivunji kiini. Sifa hiyo karani hakuipima hata siku moja.

Kisha ukaja wewe. Miezi ya mwisho tumbo lilinizuia kuinama, kilo zikashuka. Ulipozaliwa nikakaa nyumbani bila senti, maana kibarua hakuwa na likizo. Wiki hiyohiyo baba yako akaitwa ofisini, akapewa usimamizi wa zamu na nyongeza juu yake, "maana sasa una familia." Mtoto mmoja, kiwanda kimoja: mimi nikashuka, mwenzangu akapanda. (Usijilaumu, hukuwa na habari.)

Mwaka 2023 nikasikia redioni kwamba mama mmoja wa Marekani, Claudia Goldin, amepata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mojawapo ya aliyoyaonyesha ni kwamba siku hizi, katika nchi tajiri, sehemu kubwa ya pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake wenye kazi moja inaanzia mtoto wa kwanza anapozaliwa. Nikamtazama baba yako. Akaongeza sauti ya redio.

Sasa wenzako wana ukweli kidogo. Ukiwajumlisha wanawake wote na wanaume wote wa nchi, humo mna tofauti ya kazi, ya saa, ya miaka kazini. Mtu akikutajia pengo la asilimia kadhaa, muulize amelinganisha nani na nani. Lakini wewe hukulinganisha mpishi na rubani. Umelinganisha watu wawili wanaofanya kazi moja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri achukue hatua kuhakikisha wanaume na wanawake wanapata malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Angalia maneno hayo: thamani sawa. Hata boila na benchi vingeweza kupimwa pamoja. Na mfanyakazi akionyesha dalili za kubaguliwa, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Hilo la kupatana nalo nina swali. Kwenye usaili waliwauliza mshahara wa kazi ya mwisho? Wewe uliniambia mwenyewe ulitia chumvi. Yule dada pengine alisema kweli, na wakaongeza kidogo juu ya alichotaja kila mmoja. Kama ndivyo, uhaba wa ofisi ya zamani amehama nao.

Ulichokizungukazunguka kwenye ujumbe ni kama umwambie. Mwambie. Si kwenye grupu la WhatsApp, si mbele za watu, na mtajie wa kwako tu, wa wengine uache. Wake anaujua, hesabu atapiga mwenyewe. Akitaka kumwona mwajiri, au chama cha wafanyakazi, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni shauri lake. Akitaka kunyamaza, usimsemee. Ila akikuomba usimame naye, usianze kutafuta simu mfukoni.

Baba yako anasema niandike kwamba ile nyongeza yake ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba mwaka ule. Ni kweli, nimeandika. Korosho nimempa dereva wa basi la Alhamisi, kilo mbili, nzima tupu.

Mama yako