Chimba, usichume: uyoga wa kichuguu kwa wanaoanza

Anayeanza kutafuta uyoga huinama, akashika shina, akavuta. Kofia inakuja na kipande cha shina, kitako kinabaki udongoni, na ushahidi mkubwa unabaki nacho hukohuko. Mvua za Septemba hadi Novemba zikishika, usitoke bila kisu kirefu. Kila uyoga usioujua vizuri uchimbe kwa kuuzunguka, ushuke sentimita 15 hivi, kisha uutoe mzima.

Uyoga wa kichuguu, ambao wataalamu huuita Termitomyces, ni zao la mchwa. Wanalima kuvu ndani ya kiota chao juu ya masega ya majani na miti waliyotafuna, na uyoga hupenya udongo kutoka huko chini. Kwa hiyo ile mikubwa shina lake haliishii usawa wa ardhi: linaendelea kama mzizi unaokwenda ukisinyaa hadi kiotani. Ukikatika njiani si kitu, mradi umeuona. Katikati ya kofia pana nundu ngumu iliyochongoka, ndiyo iliyotoboa udongo. Kitako hakina kifuko.

Vile vidogo ambavyo Waganda huviita obubaala vina sheria yake. Kofia ina sentimita 1 au 2 tu, navyo huota kwa mamia mahali mchwa walipotoa nje makombo ya masega. Hapo usihangaike kutafuta mzizi mrefu, haupo.

Sasa adui. Uyoga wenye sumu kali zaidi ni wa jamii ya Amanita. Ukiwa bado mchanga, umefunikwa na ngozi kama yai. Ukikua, ngozi inapasuka na kuacha kifuko au magamba kwenye kitako, mara nyingi na pete shinani. Matamvua, yaani zile kurasa nyembamba chini ya kofia, kwa kawaida ni meupe. Kitako chenye kifuko, acha hapohapo, hata kama jirani anaapa kwamba anaula. Uyoga mchanga wa mviringo upasue katikati kutoka juu hadi chini: ukiona ndani umbo la kofia na shina, si ule wa mviringo kama mpira unaoliwa, ambao ukiwa mchanga ndani ni mweupe mtupu.

Kwenye nyasi za uani na viwanja vya mpira kuna mwingine, mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia. Unavutia kweli. Matamvua yake ni meupe mwanzoni, baadaye yanageuka kijani, na mlaji hutapika na kuharisha ndani ya saa chache.

Ndiyo maana kipimo cha unga, yaani vumbi la mbegu linalodondoka kutoka kwenye matamvua, kinafaa. Kata shina, laza kofia matamvua yakitazama chini juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bakuli, acha usiku kucha. Wa kichuguu huacha unga wenye wekundu hafifu, Amanita huacha mweupe, na ule wa uani huacha wa kijani. Unga peke yake hautoshi kukuruhusu kula, lakini unatosha kukukataza.

Kijiko cha fedha au kitunguu kubadilika rangi sufuriani hakupimi chochote. Wala uyoga ulioliwa na konokono si salama kwa sababu hiyo. Sumu ya Amanita haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha.

Beba kwa kikapu. Kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, uyoga hupata joto, hutoa maji na kuoza kabla hujafika nyumbani, halafu watu wanaharisha na kulaumu aina isiyo na kosa. Usichume kando ya barabara kuu wala shambani kulikopuliziwa dawa.

Aina mpya, hata aliyokuhakikishia mjuzi, iive kabisa kwanza, ule kidogo, na uhifadhi mmoja mbichi kwenye karatasi, mahali pa baridi. Kutapika kunakoanza saa 6 au zaidi baada ya kula ndiko kwa kuogopa zaidi, kwa maana ndiyo dalili ya sumu ya ini. Mgonjwa anaweza kuonekana amepona siku ya pili huku ini likiharibika. Mpeleke hospitali upesi, pamoja na ule uyoga uliohifadhi na mabaki ya mchuzi.