Mtori wa chumvi mara tatu

Ijumaa iliyopita nimetoka maabara hapa Moshi na karatasi mkononi: LDL, yaani yale mafuta mabaya, 2.8. Mwaka jana ilikuwa 4.9. Nikaipiga picha, nikairusha WhatsApp, na kabla sijafika Mbuyuni ujumbe ulishaingia: "Kaka, umetumia dawa gani ya asili?"

Hakuna dawa ya asili. Kaa nikusimulie.

Mama yangu alianza na chumvi. Krismasi tumepanda nyumbani Kibosho kama kawaida yetu Wachaga, mbuzi ameshaangushwa, yeye yuko jikoni na sufuria ya mtori. Nikamwona anatia chumvi, anakoroga, anafunika. Punde anafunua, anatia tena. Mara ya tatu nikamshika mkono. Akanitazama vizuri tu, akaniita kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Tukacheka wote. Mtori tukaula hivyo hivyo, na maji mengi.

Miaka miwili baadaye tulimkuta usiku kwenye migomba ya jirani, pekupeku, anamtafuta ng'ombe tuliyemuuza nikiwa darasa la tano. Kikao cha ukoo kikaamua amerogwa. Kaka yangu mkubwa alimtaja hadi mchawi. Niliposema twende hospitali nikaambiwa shule imenipumbaza. (Kaka, kama unasoma hapa, sijasahau.) Mwaka mzima ukaishia kwa waganga, pamoja na ng'ombe na ndama wake. Daktari ndiye aliyetuambia ni Alzaima, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe una miaka mingapi? Umewahi kupima mafuta?"

Nilikuwa na 44. Sijawahi.

Nikaanza kusoma. Ugonjwa una jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyemweleza mgonjwa wake mbele ya wenzake mwaka 1906. Lakini mwaka 2024 ndipo jopo la wataalamu wa jarida la The Lancet lilipoingiza LDL ya juu katika umri wa kati kwenye orodha ya mambo 14 yanayochangia maradhi ya usahaulifu. Yote 14 yakidhibitiwa, walisema, karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuilika au kuchelewa. Umri wa kati ni huu wangu, si wa mama.

Cha ajabu, ubongo wenyewe umejaa lehemu (kolesteroli, ambayo LDL ndiyo huibeba kwenye damu), kati ya asilimia 20 na 25 ya lehemu yote mwilini, ila unajitengenezea. Ile ya kwenye damu karibu yote haivuki kuingia humo. Balaa lake linapitia kwenye mishipa: inajijenga kwenye kuta, njia inakuwa nyembamba, damu ya kwenda kichwani inapungua. Kuna pia jeni ya APOE, ya protini inayobeba mafuta. Aina yake ya e4 huongeza hatari, na hiyo unazaliwa nayo. Mama hakupimwa mafuta akiwa na umri wangu, kwa hiyo sidai ndiyo yaliyomponza.

Mimi niliacha kitimoto. Usinicheke. Kila Jumamosi, kilo na ndizi za kukaanga, marafiki wale wale, na sasa hawanipigii simu. Natembea kwenda dukani kwangu asubuhi. Na dawa ninayo, ya hospitali: statini, ya kushusha lehemu, kila usiku, aliyoniandikia daktari.

Ndugu yangu uliyevuka 40, unajenga, unasomesha, gari umelikatia bima kubwa, halafu mafuta ya damu yako huyajui! Kapime. Usingoje kikao cha ukoo kikujadili wewe ukiwa umekaa pale pale, husikii unachosemwa. Kapime.

Jumapili nilimpelekea mama ile karatasi. Akaigeuzageuza, akaikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la khanga. Akaninong'oneza nisimwambie mtu, ni ada ya watoto.