Kipaji cha siku tatu

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alikuja likizo kutoka chuoni. Tukiwa tunageuza dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, akaniuliza: "Mama mdogo, huu ugonjwa wako si ndio unaokupa akili ya biashara? Watu wengi wenye vipaji wanao." Alikuwa amesoma mahali habari za baipola, ugonjwa wangu wa akili unaompandisha mtu juu kwa furaha na nguvu kupita kiasi kisha kumshusha kwenye huzuni nzito, akataka kunitoa unyonge. Nilicheka, nikaendelea kugeuza dagaa, ila swali lilinikaa wiki nzima.

Alichokiona kipo. Ninapoanza kupanda huwa mtamu kweli. Maneno yanakuja yenyewe, navutana bei na Wakongo mpaka wanacheka, madeni ya kila mtu nayakumbuka bila daftari, nalala kidogo tu na naamka mwepesi. Siku tatu za kwanza ukinikuta utasema huyu mama angefaa uwaziri.

Siku ya nne ndiyo inayoharibu. Novemba 2017, siku kama hiyo, nilikuwa nimeshachota pesa za kikoba nilizokuwa nazitunza mimi, milioni mbili na laki tatu, nikanunua dagaa wabichi wengi kuliko eneo langu la kuanikia. Nikampigia mtu Lubumbashi, kule Kongo, anitafutie ghala. Ghala la nini, sijui mpaka leo. Mvua ikanyesha, sina turubai, sina vibarua, nami niko mchangani naimba. Dagaa walionyeshewa siku mbili wanaishia kuwa chakula cha kuku. Kisha nikashuka: majuma matatu kitandani, hata kuoga siwezi, wanakikoba wanagonga mlango na dada ndiye anayewapokea.

Sasa, kijana hakusema uongo. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 300,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Wenye baipola walionekana zaidi katika kazi za ubunifu kuliko watu wa kawaida. Wenye sonona peke yake, yaani ile huzuni nzito bila kupanda, hapana. Lakini kuna kipande ambacho wanaotusifia vipaji hawakisimulii: ndugu wa tumbo moja wa wagonjwa hao, wao wazima kabisa, nao walizidi katika kazi hizo hizo. Niliposikia hilo nikamtazama dada yangu. Anakata gauni bila kuchora, anatunga nyimbo za kwaya huku anamenya mihogo, na hajawahi kumeza kidonge cha akili hata kimoja. Kama kuna kitu kinapita kwenye damu yetu, yeye amekipata bure. Mimi nimekopeshwa kwa riba.

Sonona nayo ina washabiki wake. Wanasema mwenye huzuni huona mambo yalivyo. Wazo hilo lilipata nguvu kwenye jaribio la Marekani la mwaka 1979, wanafunzi wakibonyeza kitufe na kukadiria kama wao ndio wanaowasha taa. Waliorudia kwa watu wengi zaidi mwaka 2022 hawakulikuta. Mimi sikuhitaji jaribio. Sonona iliniambia wanangu watapumzika nikiondoka, na niliiamini kabisa. Ikikuambia hivyo na wewe, mwamshe mtu usiku huo huo. Usisubiri kuche.

Kwa hiyo nimepata nini? Nimepata vitu vidogo, na vyote nimejifunza kwenye matibabu. Naujua usingizi wangu kama nahodha anavyojua upepo. Nikilala vibaya siku mbili mfululizo, simu yenye pesa inahamia kwa dada, naye ana ruhusa yangu ya kukataa hata nikimtukana. Tulikubaliana hivyo nikiwa mzima. Ukingoja mtu apande ndipo umnyang'anye simu, utapigana naye. Ziwa limenisaidia pia. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa na mitumbwi inapumzika, basi siku hizo ndizo ninazokwenda kliniki kuchukua dawa za mwezi. Sijawahi kusahau, maana mwezi wenyewe unanikumbusha.

Kingine nilikiona mwaka 2024, ziwa lilipofungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane. Wenzangu wengi walichanganyikiwa na siku tupu. Mimi siku tupu nazijua. Amka saa ile ile, oga hata kama huendi popote, fanya kazi moja ya mikono kabla ya saa nne, tembelea mtu. Nilifundishwa hayo wodini, na msimu ule nikawafundisha wanawake watatu ambao zamani walinikwepa njiani. (Ukishaitwa kichaa, hakuna anayekuomba tena uwe mweka hazina. Hiyo nayo naihesabu faida.)

Dawa zinapunguza ule moto wa siku tatu za kwanza, sitakudanganya. Niliwahi kuziacha mwaka 2019 kwa kuukumbuka tu. Nikapanda, nikashuka, na safari hiyo nikakaa chini muda mrefu zaidi. Niliporudi nilimwambia daktari ukweli kwamba ninajisikia mzito kama nimefungwa jiwe, akapunguza dozi. Ningemwambia mapema nisingeziacha. Sema linalokukera kwenye dawa, ila mwambie anayeziandika.

Na wewe mwenye ndugu wa aina yangu, akianza kung'aa ghafla usimsifu kwanza. Muulize kalala lini.

Yule kijana alirudi Desemba. Nilikuwa nimeuza vizuri, naongea kwa furaha, naye akanikatisha: "Mama mdogo, jana umelala saa ngapi?" Saa tatu usiku, nikamjibu, mpaka asubuhi. Akamgeukia mama yake jikoni. Dada akaitikia kwa kichwa, ndipo akakaa kula.