Iulize chipu kwanza

Wewe unayeanza kuandika draiva za mtandao (programu za kuendesha chipu), najua hamu yako: uone ukurasa wa wavuti ukitoka kwenye bodi ndogo kama kiberiti. Subiri. Kazi ya siku ya kwanza ni kusoma baiti moja tu.

Mimi hutumia sana W5500, chipu ya mtandao wa kebo (Etheneti). Imebeba TCP/IP (kanuni za mazungumzo ya mtandao) ndani yake, soketi 8 (njia za mawasiliano) na bafa (hifadhi ya muda) ya kilobaiti 32, kwa hiyo hata kidhibiti kidogo kama ATmega328 chenye RAM ya kilobaiti 2 kinaimudu. (Chipu nyingine, ENC28J60, ni rahisi mfukoni, lakini TCP/IP utaibeba mwenyewe, na fremu moja kamili ya Etheneti ni baiti 1518. Piga hesabu.) Baiti ile ya siku ya kwanza ni rejista ya toleo ya W5500: iko anwani 0x0039, na jibu ni 0x04 siku zote. Ukipata 0x00 au 0xFF, usihangaike na soketi, hamjaamkuana bado. Fuata waya wa MISO (unaoleta majibu ya chipu), angalia pini ya kuchagua chipu, pima kama volti 3.3 zinafika. Huku kwetu Mombasa kagua na pini zenyewe: bodi niliyoiacha dirishani Likoni niliikuta ina ukoko wa kijani. Chumvi ya bahari haina adabu.

Kisha kuna kosa lililonitoa jasho. Nilifunga bodi mbili kwenye jumba moja la gorofa Kizingo, zipime maji ya matangi mawili juu ya paa. Mezani kwangu nilizijaribu moja moja, zote salama. Kule juu, zikawa zinapokezana kufa. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha swichi ya mtandao, nikaandika upya sehemu ya DHCP (inayoomba anwani ya IP) kwa siku mbili nzima. Bawabu, aliyechoka kunifungulia mlango wa paa, ndiye aliyeniambia: "Fundi, mbona ukichomoa hii, ile yafufuka?"

W5500 haiji na anwani ya MAC, kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao. Draiva ndiyo huipa. Nami nilinakili ile ya mifano ya Arduino, DE AD BE EF FE ED, nikaitia kwenye bodi zote mbili. Swichi ikawa haijui mwenyewe ni nani, na DHCP ikazipa IP moja.

Sasa anwani zangu za MAC huanza na 02 (alama ya anwani ya kujitungia), baiti ya mwisho ni namba ya bodi, nami huiandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha. Yule bawabu huzisoma kwa simu nikimpigia.