Kaspersky imepigwa marufuku Marekani: niitoe kwenye kompyuta za ofisi?

Swali: Nina ofisi ndogo ya uhasibu Dar es Salaam, kompyuta 6, zote Windows 11. Nilinunua antivairasi ya Kaspersky, ya kampuni ya Urusi, Kariakoo, leseni imebakiza miezi 7. Mdogo wangu aliye Marekani ananipigia simu kila wiki niitoe, eti Warusi wanasoma mafaili yetu. Jirani yangu wa ofisi anasema hata Wamarekani wanapeleleza, ndiyo maana yeye hatumii antivairasi yoyote. Nimsikilize nani?

Jibu: Mdogo wako ana hoja, ila haraka yake inawahusu zaidi walio kule aliko. Jirani yako ana nusu ya hoja, na ushauri wake ndio utakaokuumiza mapema zaidi. Mimi ningefanya hivi: nizime mambo mawili ndani ya Kaspersky leo, nitumie miezi iliyobaki kuhamia taratibu Microsoft Defender, antivairasi iliyomo tayari ndani ya Windows, na leseni ikiisha nisiihuishe. Kuna hali moja ya kuitoa wiki hii hii: kama unamfanyia kazi mtu mwenye mkataba na serikali ya Marekani, hata kama wewe ni mkandarasi mdogo chini yake. Kifungu cha 52.204-23 cha FAR, yaani kanuni za manunuzi ya serikali ya Marekani, kinakataza kutumia bidhaa za Kaspersky katika kazi ya mkataba wa namna hiyo, na katazo linashuka mpaka kwa wakandarasi wadogo. Muulize mteja wako.

Sasa sababu. Antivairasi haihitaji kudukua kompyuta yako, kwa kuwa wewe mwenyewe umeikabidhi funguo zote. Inafungua kila faili kabla yako, inafanya kazi ndani kabisa ya mfumo endeshi, inapokea maelekezo mapya kutoka kwa mwenye nayo mara kadhaa kwa siku, na inaruhusiwa kupeleka faili inalolishuku kwenye seva zake likachunguzwe. Hayo yote ni ya lazima ili imkamate mwizi, na ndiyo hayo hayo yanayomfaa jasusi. Alama ya kutambua kirusi ni kanuni tu inayosema "ukikuta mfuatano huu wa herufi, niletee." Mfuatano huo unaweza kuwa kipande cha kirusi, au jina la siri la mradi wa jeshi. Ukiwa umekaa mbele ya skrini hutaona tofauti.

Kisa cha Kaspersky kilianzia hapo hapo. Oktoba 2017 magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba nyaraka za shirika la ujasusi la NSA ziliibwa na wadukuzi wa Urusi kutoka kompyuta ya nyumbani ya mtu aliyekuwa akilifanyia kazi shirika hilo, na kwamba Kaspersky iliyokuwemo ndiyo iliyowaonyesha njia. Kampuni ilijibu kwamba mwaka 2014 programu yake ilitambua virusi vya Equation, kundi la wadukuzi linalohusishwa na NSA, kwenye mashine hiyo, ikachukua faili la 7-Zip kama inavyofanya kwa lolote linaloshukiwa, na Eugene Kaspersky alipojulishwa akaamuru lifutwe. Iliongeza kwamba mwenye mashine alikuwa ameizima antivairasi ili aendeshe programu ya kutengeneza namba bandia za Microsoft Office, nayo ilikuwa na mlango wa nyuma. (Wanaopenda vya bure wasome sentensi hiyo mara mbili.) Angalia kwamba hata kwa maelezo ya kampuni yenyewe, faili la siri liliondoka kwenye mashine likafika kwenye seva zake bila mtu kubonyeza chochote.

Serikali ya Marekani haijaweka hadharani ushahidi wa kiufundi kwamba Kaspersky iliwapelelezea Warusi. Uamuzi wa Wizara ya Biashara wa Juni 2024 ulisimama juu ya uwezo: kampuni iko Moscow, iko chini ya sheria za Urusi, na programu yake ina nguvu nilizozitaja. Mauzo mapya yalisimamishwa Julai 20, na masasisho yakakatwa kwa watumiaji wa Marekani Septemba 29. Ndiyo maana nasema mdogo wako anaona moto usiokufikia: kule programu hiyo haipati tena masasisho, huku kwako inayapata.

Muda mfupi kabla ya tarehe hiyo, watumiaji wengi wa Marekani waliwasha kompyuta wakakuta Kaspersky imejiondoa na mahali pake kuna antivairasi nyingine, UltraAV, ambayo hawakuisakinisha wao. Kampuni ilikuwa imetuma barua pepe kuhusu mabadiliko, lakini wengi walishtuka. Sijasikia aliyeibiwa, ila kwangu hilo linaeleza zaidi kuliko ripoti za kijasusi: sasisho moja linaweza kuingiza programu nzima unapokuwa umelala.

Jirani yako hakosei kwamba wengine nao si malaika. Nyaraka za Edward Snowden, aliyevujisha siri za NSA, zilizochapishwa 2015 zilionyesha NSA na GCHQ ya Uingereza wakizichunguza kampuni za antivairasi, Kaspersky ikiwemo. Avast, iliyoanzia Jamhuri ya Czech, ilikuwa ikikusanya historia ya kurasa ambazo watumiaji walizitembelea na kuiuza kupitia kampuni tanzu ya Jumpshot mpaka ilipoifunga Januari 2020. Februari 2024 FTC, mamlaka ya Marekani ya kulinda watumiaji, iliiamuru ilipe dola milioni 16.5. Hao hawakuwa majasusi, walikuwa wafanyabiashara.

Lakini kukaa bila kinga kwa sababu hiyo ni kuacha mlango wazi kwa sababu fundi kitasa huenda ana ufunguo wa ziada. Ofisi ya uhasibu haitafutwi na Moscow wala Washington. Inatafutwa na virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa, vinavyoingia kwa ankara bandia kwenye barua pepe au kwa fleshi ya mteja, na vikikuta ritani za VAT hazijapelekwa hamtalala.

Leo. Fungua Kaspersky, ingia mipangilio, tafuta "Kaspersky Security Network", huduma inayopeleka taarifa za kompyuta yako kwenye seva zake, na uondoe ridhaa. Utapoteza kasi kidogo ya kutambua virusi vipya. Kisha kwenye mipangilio ya mtandao chagua "Do not scan encrypted connections". Ukitaka kuona kwa nini, kabla ya kuzima fungua tovuti yoyote ya https, bonyeza alama iliyo kando ya anwani na utazame cheti. Ukikuta mtoaji ni "Kaspersky Anti-Virus Personal Root Certificate", maana yake mawasiliano yako yanafunguliwa njiani, yanasomwa, kisha yanafungwa upya. Antivairasi nyingine kama ESET na Avast nazo zina vyeti vyao vya namna hiyo, hivyo hili si la Mrusi peke yake.

Siku ya kuhama. Anza na kompyuta moja isiyo na kazi nyingi. Toa kwanza nywila zilizohifadhiwa ndani ya Kaspersky, na kama mliwahi kutumia sehemu yake ya kufungia mafaili kwa siri au ya kuhifadhi nakala, rudisheni mafaili yote mahali pa kawaida. Watu huondoa programu halafu ndipo wanagundua kwamba iliyokuwa ikifungua kasha ni hiyo hiyo. Baada ya hapo iondoe kupitia Settings, Apps, kisha washa upya. Ikigoma au ikiacha mabaki, pakua kavremover kutoka tovuti ya Kaspersky yenyewe, si kwingine.

Defender huwaka yenyewe, lakini usiamini alama ya kijani peke yake. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi na uandike:

`Get-MpComputerStatus`

RealTimeProtectionEnabled iwe True, AMRunningMode iwe Normal, na AntivirusSignatureAge iwe 0 au 1, yaani siku tangu isasishwe. Ukiona "Not running", mara nyingi ni mabaki ya antivairasi ya zamani, au Windows iliwezeshwa kwa programu ya wizi iliyoizima Defender. Programu hizo zina tabia nyingine mbaya zaidi: zinaiagiza Defender isikague folda fulani. Chungulia:

`Get-MpPreference | Select ExclusionPath`

Ukikuta `C:\` hapo, yaani diski nzima, ulinzi wako ni pambo. Ifute:

`Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\"`

kisha ukague diski yote kwa Full scan. Panga saa kadhaa, afadhali usiku.

Microsoft nayo hupokea sampuli za mafaili yanayoshukiwa, na ni kampuni ya Marekani iliyo chini ya sheria za Marekani. Kama una mafaili ya wateja usiyotaka yaondoke bila kuulizwa, amri hii inaifanya Defender iombe ruhusa kila mara:

`Set-MpPreference -SubmitSamplesConsent 0`

Namba 2 inakataza kabisa. Mimi ningebaki na 0, kwa sharti kwamba anayekaa kwenye mashine anasoma kabla ya kubonyeza ndiyo.

Kompyuta isiyo na intaneti, kama mnayo ya kuhifadhia hesabu za zamani, haina haja ya kuunganishwa ili Defender isasishwe. Pakua `mpam-fe.exe`, faili la masasisho ya Defender, kutoka Microsoft kwenye mashine nyingine, lihamishe kwa fleshi na uliendeshe. Linazidi MB 100, kwa hiyo lipakue mara moja tu hata kama mashine za namna hiyo ni tatu.